Sikukuu imebisha hodi, zawadi sijanunua, na watoto wananitoa jasho dukani

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma majibu yako kwa wengine mara nyingi, leo nami naleta langu. Nina watoto watatu: binti wa miaka 10, mvulana wa miaka 6, na mdogo wao aliyefikisha miaka 2 juzijuzi. Sikukuu imeshabisha hodi na sijanunua hata zawadi moja. Si kwamba nilisahau. Nimekuwa nikirudi kazini jioni, duka karibu zinafungwa, na pesa yenyewe imechelewa kuingia.

Jumamosi nilikwenda nao dukani wote watatu kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwachia. Mambo yaliharibika tangu mlangoni. Mdogo alikataa kukaa kwenye toroli, akawa anavuta kila kilicho karibu na mkono wake. Wa kati aliona gari la kuendeshwa kwa rimoti, akalikumbatia, na nilipomwambia kwamba tumekuja kununua zawadi za binamu zake, akajitupa sakafuni na kupiga kelele mpaka watu wakasimama kututazama. Mama mmoja akatikisa kichwa, nikatamani ardhi ipasuke. Nikamwahidi kwamba akinyamaza nitamnunulia kitu kidogo. Akanyamaza, kisha akaanza upya tulipofika rafu ya pili. Binti yangu, ambaye ndiye niliyemtegemea, kila nilichoshika aliuliza kwa nini binamu anapata kikubwa kuliko chake yeye. Mwishowe niliacha toroli katikati ya duka, nikatoka nao mikono mitupu.

Mume wangu anasema ninajisumbua bure, ninunue chochote nimalize. Mama mkwe, ambaye anaishi karibu nasi, anasema watoto si wa kupelekwa madukani, enzi zao walikuwa wanabaki nyumbani. Mimi ningependa wanangu wajue kutoa, wasidhani sikukuu ni siku ya kupokea tu. Lakini nikikumbuka Jumamosi ile, nguvu zinaniishia. Tena kuna hili: hata nikirudi nao, nitanunuaje zawadi zao wenyewe huku wamenizunguka?

Orodha yangu ni ndefu: wanangu, binamu zao, wazazi wa pande zote mbili, mashemeji, walimu, na jirani anayenisaidia kumchukua mtoto shuleni. Pesa ni kidogo na siku ni chache. Je, niwaache nyumbani? Na nikienda nao, nifanyeje ya Jumamosi yasijirudie?

Mama wa Watatu

Marahaba mwanangu.

Tuanze na hiyo Jumamosi, maana naona bado inakuuma. Kutoka dukani mikono mitupu ndilo jambo la busara kuliko yote uliyoyafanya siku ile. Mtoto wa miaka 6 aliyekwishapandwa na hasira hasikii hoja wala ahadi. Anachohitaji ni mahali penye utulivu na mtu mzima ambaye hajapandwa na hasira kama yeye. Ulimtoa pale, na wala hukumpa lile gari. Mama aliyetikisa kichwa hajui ya nyumbani kwako, usimbebe moyoni.

Ila ahadi ya "ukinyamaza nitakununulia" iache. Najua ilikutoka kwa kuzidiwa. Shida yake ni kwamba mtoto anajifunza kuwa kilio kina malipo, ndiyo maana alianza tena rafu ya pili. Zawadi ya kutulia inaruhusiwa, lakini itajwe nyumbani kabla hamjavaa viatu, iwe kitu kisichouzwa dukani: kuchagua hadithi ya usiku, kucheza na baba, kwenda uwanjani. Ikishatajwa, haiongezwi njiani.

Sasa duka lenyewe. Siku za mwisho kabla ya sikukuu, duka ni mahali pagumu kwa mtoto. Taa kali, muziki, watu wamebanana na yeye yuko usawa wa magoti yao, foleni haisogei. Midoli imepangwa rafu za chini ambako macho na mikono yake inafika, na peremende ziko pale pa kulipia, mahali mnaposimama mkiwa mmekwisha kuchoka. Hivyo vitu vimewekwa pale kwa makusudi. Mwaka 2004 jopo la wataalamu la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilipitia tafiti kuhusu watoto na matangazo, likahitimisha kwamba watoto walio chini ya miaka 8 hawana uwezo wa kutambua kuwa tangazo lina nia ya kuwashawishi. Wanalipokea kama habari ya kweli. Mwanao ana miaka 6. Boksi la lile gari, na picha yake ya mtoto anayecheka, lilimwambia kwamba furaha iko humo ndani, naye akaamini. Wewe ukamwambia hapana bila kumwandaa. Hakuwa mtoto mtundu, alikuwa mtoto aliyechoka, asiye na kazi ya kufanya, mbele ya kitu alichokiamini.

Hapo kwenye "asiye na kazi" ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndiyo tofauti kubwa kati ya safari itakayofaulu na ile ya Jumamosi. Ulikwenda na watoto kama wasindikizaji. Mtu mzima akisindikiza ununuzi usiomhusu huchoka na kuanza kuuliza mnaondoka saa ngapi, mtoto atakosaje? Safari hii waende kama wanunuzi. Kila mmoja awe na mtu wake wa kumnunulia, aliyemchagua mwenyewe nyumbani, na kiasi chake cha pesa ulichokipanga wewe. Mvulana apewe mtu mmoja tu, anayempenda kweli. Kabla ya kutoka, mkalishe umuulize: babu anapenda nini? Anafanya nini akiamka? Kitu gani chake kimechakaa? Utashangaa anavyojua. Kisha mchore au muandike kile mnachokitafuta, karatasi aishike yeye. Mtoto aliyeingia dukani akitafuta kofia ya babu ana jambo la kumshughulisha macho, na atapita mbele ya rafu nyingi bila kuziona.

Umesema unataka wajue kutoa. Usidhani ni kumlazimisha mtoto jambo lililo kinyume na maumbile yake. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto ambao hawajatimiza hata miaka 2. Waliwapa vijibiskuti, kisha wakawaonyesha mwanasesere wa kumgawia. Nyuso za watoto hao zilionyesha furaha zaidi walipotoa kuliko walipopokea, na zaidi kabisa walipotoa kutoka katika fungu lao wenyewe. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na kumbe moyo huo mtoto anao kabla hajajua kutamka neno zawadi. Kinachomkosesha furaha hiyo ni kwamba sisi wakubwa huchagua, hulipa, hufunga, kisha humwambia "mpe bibi." Hapo ametumwa tu, hajatoa.

Binti wa miaka 10 ni jambo jingine. Swali lake la kwa nini binamu anapata kikubwa usilichukue kama choyo. Yuko katika umri wa kupima haki kwa rula, na hakuna aliyemwonyesha hesabu. Mwonyeshe. Mpe orodha nzima na jumla ya pesa uliyonayo kwa zawadi, siyo mshahara wala madeni, hiyo ni mizigo yenu wakubwa. Awe mshika hesabu: kila kinachoingia kwenye toroli anakijumlisha kwenye kikokotoo cha simu na kukuambia kimebaki kiasi gani. Akiona mwenyewe kwamba zawadi kubwa ya mmoja inamkosesha mwingine, maswali yatabadilika. Na unapomkatalia kitu, usiseme "hatuna pesa" halafu dakika mbili baadaye akuone unalipa. Sema lililo kweli: "Pesa hii tumeipangia mambo mengine." Kupanga ni kuchagua, na umri wake unatosha kabisa kulielewa hilo.

Mdogo asiende. Mama mkwe wako amekupa nusu ya jibu ingawa hukulipenda: kwa mtoto wa miaka 2, ana haki. Hawezi kungoja, hawezi kushika mpango, na atakula nguvu zote ambazo ungewapa wale wawili. Basi mrudie mama mkwe kwa heshima umwambie, "Mama, maneno yako nimeyazingatia, naomba nikuachie huyu mdogo asubuhi moja." Sidhani kama mtu aliyesema watoto wabaki nyumbani atakataa kubaki na mmoja. Na kama nafasi ipo, ni vizuri zaidi kumchukua wa miaka 6 peke yake siku moja na wa miaka 10 siku nyingine, hata kwa muda mfupi. Mtoto mmoja na mama yake dukani ni raha; watatu siku ya mwisho ni mtihani.

Nendeni asubuhi, duka likifunguliwa, wakiwa wamelala vizuri na wamekula. Chooni kwanza. Beba maji na kitu cha kutafuna. Panga orodha yako kwa kufuata sehemu za duka badala ya majina ya watu, ili msirudi nyuma mara tatu kupita mbele ya midoli. Mkimaliza cha lazima, ondokeni, hata kama watoto wametulia na wewe unajiona bado una nguvu. Wengi huharibu safari nzuri kwa kuongeza duka moja la mwisho.

Akitamani kitu njiani, na atatamani, usibishane naye wala usimwambie ni kibaya. Chuchumaa umtazame, umwambie, "Naona umelipenda sana. Tulipige picha tuliweke kwenye orodha yako." Piga kwa simu, akiwa ameshika, kisha mkirudishe kwenye rafu. Wazazi wengi wanatumia njia hii, nami naiamini kwa sababu mtoto anachotaka mara nyingi ni kusikilizwa. Baada ya siku chache muonyeshe picha zile. Nyingi atakuwa hana habari nazo. Ile atakayoiulizia tena na tena ndiyo ya kuifikiria. Na kama hata hivyo akijitupa sakafuni, fanya ulichofanya Jumamosi, ila mapema zaidi: maneno machache, mkono, nje. Usihubiri. Akipoa mnaweza kurudi, na kitu alichokililia kisinunuliwe siku hiyo.

Neno dogo kuhusu umati. Kabla hamjaondoka nyumbani wapige watoto picha kwa simu ili uwe na kumbukumbu ya nguo walizovaa. Andika namba yako ya simu kwenye kikaratasi ukitie mfukoni mwa kila mmoja. Wafundishe kwamba wakipotezana nawe wasimame palepale waite jina lako kamili, maana "mama" dukani ni wengi. Asipokuona, amwendee mtu anayepokea malipo au mama mwenye watoto. Asitoke nje ya duka na mtu yeyote, hata akiambiwa kwamba mama yuko nje.

Sasa kauli ya mume wako, "nunua chochote." Hapa sikubaliani naye, na sababu yangu ni usalama zaidi ya uzuri wa zawadi. Mtu mwenye haraka hasomi maandishi ya boksi. Kwenye midoli mingi utaona duara jekundu lenye mstari wa kukata, ndani yake uso wa mtoto na namba 0-3. Maana yake ni kwamba kitu hicho ni hatari kwa mtoto aliye chini ya miaka 3, kwa kawaida kwa sababu ya vipande vidogo vinavyoweza kumkaba. Wazazi wengine hudhani ni kipimo cha akili, wakasema "wangu ni mwerevu, atakiweza." Koo la mtoto halitazami werevu. Kifaa cha kupimia kinachotumika viwandani kina tundu lenye upana wa milimita 31.7, kipande kinachozama humo hakimfai mtoto wa umri huo. Nyumbani tumia kile kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni, ambacho ni kipana kidogo zaidi: kinachopenya humo, mdogo wako asikipate. Na kumbuka kwamba zawadi ya kaka itafunguliwa sakafuni, mdogo akiwa hapohapo.

Vitu viwili naomba uvitie akilini kuliko vyote. Cha kwanza ni betri ndogo za duara zinazofanana na vifungo vya koti. Ziko kwenye midoli, lakini pia kwenye rimoti, taa ndogo za mapambo na zile kadi zinazoimba ukizifungua. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya koo vibaya kwa muda wa saa 2 tu, naye pengine haonyeshi dalili yoyote. Hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu, na ukihisi amemeza, hospitali papo hapo, usingoje aumwe. Cha pili ni sumaku ndogo zenye nguvu. Akimeza mbili, zinavutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Baluni nazo, zisizopulizwa na vipande vya zilizopasuka, ziokotwe mara moja. Hata mtoto wa miaka 6 anaweza kukabwa nazo.

Wala usijitese kuhusu wingi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwatazama watoto wa kama umri wa huyu mdogo wako wakicheza, mara moja wakiwa na vitu 4 vya kuchezea na mara nyingine wakiwa na 16. Kwenye vitu 4 walidumu na kila kimoja muda mrefu zaidi na wakabuni njia nyingi zaidi za kukichezea. Kwa hiyo mdogo akipata kitu kimoja kizuri, hakupunjwa.

Orodha yako ndiyo ipunguzwe, na ipunguzwe leo. Watumie mashemeji ujumbe: "Mwaka huu tupeane zawadi za watoto tu." Nina hakika kuna mmoja wao anayeusubiri ujumbe huo kwa hamu na alikuwa anaona haya kuuanzisha. Wazazi wa pande zote mbili wapewe picha ya wajukuu, iliyosafishwa na kutiwa fremu, na maneno yaliyoandikwa na watoto kwa mkono wao nyuma yake. Walimu, kadi iliyochorwa na mwanafunzi mwenyewe, yenye sentensi moja ya kweli kuhusu alichofundishwa. Mwalimu yeyote atakuambia hizo ndizo anazozitunza. Jirani anayemchukua mtoto shuleni mpe kitu cha kununua, tena kizuri, kwa sababu yeye amekupa muda wake kila siku. Watoto wenyewe waandike vikaratasi vya ahadi: kuosha vyombo kwa wiki, kumsomea bibi gazeti, kumlaza mdogo. Ila simamia zitekelezwe, ahadi isiyotimizwa inamuumiza aliyeandikiwa.

Ukifikiria kuagiza kwa simu, tazama tarehe ya kufika iliyoandikwa kabla hujalipa. Siku hizi za mwisho mizigo hukwama. Dukani uliza masharti ya kubadilisha kitu, na risiti zote azishike binti yako kwenye bahasha moja. Karatasi na seloteipu usimsahau mtu wa kuzitumia: wa miaka 6 afunge mwenyewe zawadi ya babu yake. Itakuwa imekunjamana, iache hivyo hivyo.

Limebaki la zawadi zao wenyewe. Hizo usizinunue safari hiyo kabisa. Mume wako apite madukani akitoka kazini, bila mtoto hata mmoja mkononi. Andika vitu vitatu, kimoja kwa kila mtoto, na umri wa kutazama kwenye boksi na kiasi cha pesa asichovuka. Mpe leo usiku kabla hajalala, umwambie hili ni fungu lake, na azifiche mahali ambapo binti yenu mkubwa hafiki.

Shangazi